Akiba yetu inaoza ndani ya karto



Nina miaka 26. Nilimaliza masomo ya historia hapa Bukavu, nikapata diplome, na tangu ile siku niko shomeri kama vijana wengi wa kartye yetu. Leo sitaongea juu ya barabara wala umeme. Nataka kuongea juu ya makaratasi. Najua wengine watacheka: watu wanakufa, na wewe unatuletea makaratasi? Nawaomba musome mpaka mwisho.

Kwa miezi saba nilifanya kazi ya arshive, ni kusema kupanga na kutunza nyaraka za zamani. Mshahara hapana. Kulikuwa pesa kidogo ya transporti, na siku zingine hata ile ilikosa. Mzee mmoja wa hapa alikuwa amefariki. Alikuwa mtu wa siasa na wa shirika la raia tangu miaka ya 1980, na alikaa Kinshasa wakati wa Konferansi ya Taifa. Mjane wake alileta karto 11, zingine za sabuni, zingine za biskuti, zote zimejaa makaratasi, kwenye biro ndogo yenye ilikubali kuzipokea. Kama asingezileta, zingeenda soko. Tunajua wote vile inafanyika: watoto wanauza kwa kilo, kisha mama muuza karanga anapasua barua ya kihistoria, anafungia bidhaa yake. Sio kosa lake. Hakuna mtu alimwambia ile karatasi ni nini.

Kazi yenyewe iko hivi. Siku ya kwanza haupangi kitu. Unaandika tu: karto ngapi, nini iko juu, nini iko chini, nini imefungwa pamoja na nini. Juu ule mpangilio wa mzee unasema kitu. Kama aliweka trakti katikati ya risiti za minerval ya watoto, labda alikuwa anaificha. Ukichanganya, umeua ile habari, na hakuna mtu ataifufua. Kisha unatoa agrafu moja moja, polepole, juu kutu inakula karatasi. Unapangusa vumbi. Unaweka ndani ya farde. Namba unaandika na penseli, bic hapana, juu wino hautoki tena. Mwisho unatengeneza orodha: namba, tarehe, nani aliandika, alimwandikia nani, kurasa ngapi. Karto moja inaweza kukula wiki mbili.

Ndani nilikuta kopi ya ile barua yenye wabunge 13 walimwandikia Mobutu mwaka 1980. Ilifotokopiwa juu ya fotokopi mpaka herufi zimekuwa kivuli. Wakati ule mtu alikuwa anaweza kufungwa juu ya kukutwa nayo. Nilikuta trakti za 1990, mwaka wenye Mobutu, tarehe 24 Aprili, alitangaza mwisho wa chama kimoja. Na nilikuta kaye tatu za Konferansi yenyewe.

Kwa wadogo wetu wenye hawajui: Konferansi ya Taifa ilifunguliwa tarehe 7 Agosti 1991, ikafungwa tarehe 6 Desemba 1992. Wajumbe walikuwa zaidi ya 2,800. Ndiyo ilimchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri wa kwanza, Agosti 1992. Juu ya kudai ifunguliwe tena, Wakristo walitembea Kinshasa tarehe 16 Februari 1992 na wakapigwa risasi. Hiyo inafundishwa. Lakini kulikuwa na komisyo mbili zenye ziliogopesha wakubwa: moja juu ya mali iliyoibwa, ingine juu ya mauaji. Ripoti zao hazikusomwa mbele ya wajumbe wote. Watu walisema ukweli, watu waliuandika, kisha sanduku likafungwa. Ndani ya kaye ya tatu ya mzee, ukurasa wa mwisho uko na tarehe tu, na alama tatu za kuuliza.

Sasa niwaambie kitu chenye kilinikosesha usingizi.

Ndani ya karto ya sita kulikuwa barua mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kushitaki: mtu wa hapa mjini alimwandikia mkubwa wa usalama, akataja majina ya majirani. Sijui mzee aliipata vipi. Nilimuonyesha Mama, mjane. Alinyamaza, kisha akasema: «Mwanangu, ile barua uitoshe. Watoto ya ule mutu bangali hapa, tunasali nabo parokia moya.» Barua ya pili ilikuwa mosyo ya kumuunga mkono Mobutu, ya miaka ya 1970. Chini, katikati ya sahihi zingine, kulikuwa sahihi ya mzee wetu mwenyewe. Ya hiyo, Mama hakuogopa. Ni kaka mkubwa alikuja kuniona, yeye yuko anatafuta siasa. Akasema: «Hii utaitupa, siyo? Papa alikuwa opozisyo.»

Ukweli ni kwamba ningeweza kutupa zote mbili. Hakuna mtu angejua. Lakini nilijiuliza: nikitoa hii, mimi niko na tofauti gani na wale walifunga ripoti za 1992? Na nikifungua ile ya kwanza leo, hapa, na vile mji wetu uko, nani atalipa? Watoto ya mtu mwenye alikufa zamani, wenye hawakuandika kitu.

Tulifanya hivi. Barua ya kushitaki tuliiweka ndani ya anvelopi, tukaifunga, tukaandika kwenye orodha kwamba iko, ya mwaka gani, na haifunguliwi mpaka tarehe yenye Mama alikubali. Mama na mimi tukatia sahihi. Mosyo ya Mobutu tuliiacha wazi. Ile ilisainiwa mbele ya watu, na mzee hapotezi heshima. Kijana atakayeisoma atajua kwamba mtu anaweza kusaini woga wake leo, na miaka kumi nyuma yake akasimama. Kaka mkubwa hanisalimie tena. Nitabeba.

Kwa hiyo wenye wanasema arshive ni vumbi, hapana. Arshive ni nguvu. Angalieni Lumumba. Aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Karibu miaka 40 wakubwa wa Ubelgiji walisema ilikuwa mambo ya Wakongo kati yao. Kisha Ludo De Witte akaingia ndani ya nyaraka, akatoka na telegramu, tarehe na sahihi. Kitabu chake kilitoka 1999. Bunge la Ubelgiji likaunda komisyo, na komisyo ikakubali kwamba mawaziri fulani wa Ubelgiji wanabeba lawama. Mwaka 2002 serkali yao ikaomba msamaha. Juni 2022 jino la Lumumba likarudi nyumbani. Watu walipiga kelele miaka na miaka; wenye walikataa kusikia walishikwa na karatasi. Mbelgiji alitunza hata karatasi yenye kumshitaki mwenyewe. Sisi tunaachia panya ile yenye kututetea.

Na angalieni sasa zetu ziko wapi. Nyaraka za wakati wa ukoloni, sehemu kubwa iko Ubelgiji: Mkongo akitaka kusoma habari ya kijiji cha babu yake, anaanza na viza. Ripoti Mapping ya 2010 ilihesabu matukio 617 ya jeuri kati ya 1993 na 2003, Kasika na Makobola zimo. Majina ya washukiwa yamefungwa kwa Umoja wa Mataifa. Askofu mkuu Munzihirwa aliuawa hapa Nyawera tarehe 29 Octoba 1996, na kama leo tunajua aliandika nini, ni juu kuna watu walificha kopi.

Februari 2025, wakati vita viliingia mji, watu walivunja depo za chakula. Njaa haina sheria. Mimi niliogopa kitu kingine: kwamba mtu ataingia kwenye ile biro, hatakuta mchele, atakuta karatasi kavu, na makala imepanda bei. Usiku mbili tulibeba karto kichwani, mimi na kijana mwingine. Moja ilinyeshewa. Sitasema ziko wapi leo. Lakini hiyo haiko njia ya taifa kutunza kumbukumbu yake: vijana wawili mashomeri na mvua.

Wazee wanasema akiba haiozi. Hii yetu inaoza kila msimu wa mvua.

Sheria iko. Nchi yetu iko na sheria ya arshive tangu tarehe 11 Julai 1978. Katiba, kifungu cha 24, inasema kila mtu yuko na haki ya kupata habari. Kwa hiyo hatuombi zawadi. Tunadai:

1. Serkali iajiri vijana wenye diplome za historia, za sheria na za nyaraka, katika kila jimbo, na iwalipe. Kazi iko, wafanyakazi wako, kinakosekana ni utashi.

2. Ripoti za komisyo zote za Konferansi ya Taifa zitolewe wazi, na raia azisome bila kuomba ruhusa ya mkubwa.

3. Ubelgiji irudishe kopi kamili za nyaraka zetu, na zisikae Kinshasa peke yake.

4. Nyaraka zenye kutaja wahanga na mashahidi zilindwe na sheria wazi, na siyo na mapenzi ya kijana mmoja kama mimi.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Tunafanya maandamano, tunaandika komunike, tunapigwa, tunafungwa. Kisha simu inaibwa na yote inapotea. Nani kati yetu yuko bado na trakti ya kwanza aliyogawa? Kila kundi lichague mtu mmoja wa kutunza: karatasi moja ya kila kitu, tarehe nyuma na penseli, kopi mbili, nyumba mbili tofauti. Haiombi pesa ya mtu.

Na wewe mwenye kusoma hii, leo jioni uliza nyumbani: ile valizi ya babu chini ya kitanda, iko na nini ndani? Usiipeleke soko. Usichanganye. Usitoe kitu, hata chenye kinakupatisha haya. Uandike tu nini iko, na uniite. Penseli iko.