Likizo ya Kuzamia Ziwani

Likizo ya kuzamia ikitajwa, wengi huwaza visiwa vya bahari ya chumvi: Mafia au Pemba, matumbawe, na wenyeji wasiochoka kukaribisha. Hata hivyo, familia ya askari iliyoko Bujumbura haina haja ya kufunga safari hadi pwani. Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, limo mlangoni mwake.

Mjini penyewe si mahali pa kuzamia. Mto Rusizi huleta tope, viboko hutoka majini jioni, na mamba wapo. Yule aliyepewa jina la Gustave aliukwepa mtego wa Mfaransa Patrice Faye. Mzamiaji huelekea kusini, kwenye miamba ya Magara hadi Nyanza-Lac, ambako maji ni maangavu. Pwani hizo alizijua vema Mbelgiji Pierre Brichard, aliyeishi Bujumbura akipeleka ng'ambo samaki hai wa mapambo, na kuandika juu yao vitabu vilivyotoka 1978 na 1989. Samaki mmoja alipewa jina lake mwaka 1974. Ni mdogo, wa rangi ya udongo hafifu, na mkia wake una ncha mbili ndefu. Akina mama watampenda: watoto wake wakubwa hawaondoki upesi nyumbani, bali hubaki wakisafisha mayai na kuwalinda wadogo zao. Si kila nyumba ya binadamu yenye bahati hiyo.

Hatari kubwa ya ziwa hili haina meno. Uso wake uko mita zipatazo 770 juu ya usawa wa bahari, na hapo hewa ni nyepesi. Mzamiaji avutaye hewa ya mtungi huingiza naitrojeni nyingi mwilini. Akipanda polepole, gesi hiyo hutoka kwa pumzi. Akipanda kwa pupa, hugeuka mapovu damuni, kama chupa ya bia inapofunguliwa. Hapo huja maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza. Majedwali ya kuzamia yaliyotungwa kwa ajili ya bahari hayatoshi mahali palipozidi mita 300. Hutakiwa yale ya maziwa ya juu. Watoto wanaoelea juu ya maji kwa miwani na mrija hawamo katika hesabu hii.

Barabara nayo ni mtego. Askari aliyezamia Magara asubuhi, naye anatakiwa kambini Gitega jioni, hupita Bujumbura na kupanda kilomita zipatazo 35 hadi Bugarama, palipozidi mita 2,000. Kwa mwili wake, hiyo ni sawa na kupanda ndege. Wataalamu hushauri kungoja saa 12 kwa aliyezamia mara moja, na saa 18 kwa aliyerudia. Aliyelazimika kusimama njiani majini ili atoe gesi angoje zaidi. Kwa hiyo ruhusa iombwe kwa kuhesabu siku hiyo.

Nayo si siku ya kupotea bure. Wavuvi wa huko, ambao usiku wa giza huwasha taa kuvuta ndagala, hurejea alfajiri. Mgeni anayewaamkia kwa adabu huelezwa upepo wa mchana huanzia wapi, na mara nyingi mkewe huondoka na mukeke aliyechaguliwa vizuri.