Nishati Inayotupwa Katika Breki

Baina ya mwaka 1955 na 1959, katika mji wa Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, yalikuwako mabasi 12 yaliyobeba abiria bila ya dizeli, bila ya nyaya za umeme juu ya njia, wala betri ya kuyaendesha. Nami nayataja si kwa ushani wake tu, bali kwa kuwa kanuni iliyoyaendesha inawahusu hasa wale wanaoamua hivi sasa miji yetu inunue mabasi gani.

Yalikuwa kazi ya kampuni ya Oerlikon ya Uswisi. Chini ya sakafu ya kila basi lililazwa gurudumu la chuma lenye uzito wa tani 1.5 na upana wa mita 1.6, ambalo umeme wa kituoni ulilizungusha hata likafikia mizunguko 3000 kwa dakika, ukingo wake ukikimbia takriban kilomita 900 kwa saa. Na ili hewa isilipunguzie mwendo, lilifungiwa ndani ya sanduku lililojaa haidrojeni. Basi likisha kuondoka, gurudumu liliendesha jenereta, jenereta ikaendesha mota, na watu wakasafiri hadi kilomita 6 kwa akiba ya mzunguko peke yake.

Ukaidi wa kitu kinachozunguka, yaani momenti yake ya inesha, hautegemei uzito tu, bali na mahali uzito huo ulipokaa: kilo moja ikisogezwa mbali na mhimili maradufu, hesabu yake huwa kama ya kilo nne. Kasi nayo huingia katika hesabu kwa mraba wake, hata gurudumu likishuka kutoka mizunguko 3000 hadi 2100, nusu ya akiba huwa imekwisha kutumika. Tukilichukulia gurudumu la Léopoldville kuwa sahani ya unene mmoja, tunapata kama jouli milioni 24, na insafu yatutaka tuseme kwamba hizo ni chache kuliko zilizomo katika lita moja ya dizeli. Lakini dizeli ikisha kuungua haina marejeo, ilhali dereva wa basi lile alipotaka kusimama, mota iligeuka kuwa jenereta, na mwendo wa basi ukarudi gurudumuni ukingojea safari ya mbele.

Hapo ndipo ilipo hoja yangu. Nishati haifi, huhama. Na anayejenga chombo ndiye achaguaye ihamie wapi. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalianza kazi mwaka 2016 kwa dizeli, na baina ya Kimara na Kivukoni husimama kituo baada ya kituo. Basi la tani 15 likienda kilomita 50 kwa saa hubeba jouli zaidi ya milioni 1.4, na breki za kawaida huzigeuza zote kuwa joto, joto liwezalo kuchemsha zaidi ya lita 4 za maji ya chai, likaachwa lipotee hewani. Kisha mafuta mengine huchomwa ili basi lirudie kasi ile ile, na mafuta hayo yameagizwa kwa fedha za kigeni. Siwezi kuuita mwenendo huu ila ubadhirifu.

Yuko atakayesema kwamba mabasi ya Léopoldville yalishindwa. Kwa hakika yalishindwa: yalikula umeme mwingi kuliko wenyewe walivyoweza kulipia, beringi za magurudumu zilivunjika, na madereva aghalabu waliyapitisha njia za mkato za udongo ambazo mvua ilizigeuza matope. Hayo, hata hivyo, yalikuwa maradhi ya chombo, wala kanuni haina taksiri. Leo betri yaweza kupokea mwendo wa basi mahali pa gurudumu, na mabasi ya umeme yamekwisha kuonekana Nairobi.

Kwa hiyo naomba kila zabuni ya mabasi ya mji iandikwe sharti hili waziwazi: muuzaji aeleze ni kiasi gani cha nishati ya breki kinachorejea. Jibu lake lipimwe barabarani, basi likiwa limejaa abiria wa asubuhi na likisimama kila kituo, wala lisiaminiwe kwa karatasi tupu. Na basi lisilorejesha chochote lisinunuliwe, ijapokuwa bei yake ni nafuu, kwa kuwa unafuu huo ataulipia abiria katika nauli kwa miaka yote litakayokuwa njiani.