Ua Haliliwi, Lakini Tulipande



Katika nchi za baridi, watu hupanda maua theluji inapokwisha. Sisi wa Kitomanga, kama wenzetu wote wa pwani ya Lindi, majira yetu ya kuchipua huletwa na mvua, ambazo kwa kawaida huanza Novemba au Desemba baada ya kiangazi kirefu. Zinapoanza, kila mtu hukimbilia shamba: mahindi, mtama, mihogo, na baadaye ufuta. Katika haraka hiyo, anayeonekana akichimbia mche wa ua karibu na mlango huulizwa: "Hilo nalo litaliwa?"

Swali hilo si la kudharauliwa, kwani njaa haina adabu. Lakini lina hatari yake. Tumezoea kuupima mwaka mzima kwa mizani ya ghalani: bei ya korosho ikipanda mnadani tunacheka, ikishuka nyumba nzima hununa. Furaha ya namna hiyo imo mikononi mwa wanunuzi. Mwenye ua mlangoni anayo furaha nyingine, ndogo, ambayo mnada hauwezi kuipunguza.

Tuitazame asumini. Asili yake ni Asia ya Kusini, na jina lake lina mzizi katika Kiajemi. Basi zamani mtu fulani aliuvusha mche wake bahari, na mwingine akaupokea na kuupanda, ingawa haukumshibisha yeyote. Hata leo, jua linapozama, vitumba vyake hufunguka, na harufu yake huingia kwa jirani bila kuuliza jirani huyo anasali wapi.

Ipo hoja nzito zaidi, nayo ni maji. Wakati wa kiangazi ndoo hubebwa kichwani, na mara nyingi mbebaji ni mama au binti. Ua linalonyweshwa kwa shingo ya mtu mwingine ni mzigo uliopambwa. Kwa hiyo tupande mvua zinapoanza, ili mizizi ishike kabla ya ukame. Kipande cha tawi la asumini chenye urefu wa shubiri moja, kikichomekwa kivulini penye udongo wenye unyevu, huweza kuota. Baadaye maji yaliyooshea mchele au mboga yatakitosha, na aliyelitamani ua ndiye ayabebe.

Bwana aliyetutaka tuyatazame maua ya kondeni alikuwa akisema na watu waliohangaikia chakula na mavazi. Hakuwakataza kulima; aliwafundisha kwamba mwanadamu hakuumbwa kwa ajili ya tumbo peke yake.

Basi juma hili, tukishatoka shambani, tumwombe jirani kipande kimoja cha tawi. Kikiota, mwakani na sisi tutakuwa na cha kumpa atakayekuja kuomba.

Tunawatakia nyote juma jema na mvua za kheri.