Gesi ya Kivu inangoja maneno pia

Umeme ukitajwa katika nchi yetu, kila mtu anataja Inga. Ni haki: Inga ya kwanza ilianza 1972, ya pili 1982, na bado tunaziegemea. Lakini Inga iko zaidi ya kilometa 1,500 kutoka Goma, na karibu Wakongo wanne kati ya watano hawana umeme nyumbani. Wakati huohuo, katika kina cha Ziwa Kivu mna takriban mita za ujazo bilioni 60 za metani, mali ya Kongo na Rwanda kwa pamoja.

Rwanda wameshaanza. Mtambo wa KivuWatt, huko Karongi, una uwezo wa megawati 26 na ulianza kutoa umeme mwishoni mwa 2015. Bomba linashuka zaidi ya mita 300. Maji yakipanda, gesi inatoka kwa mapovu kama katika chupa ya bia iliyofunguliwa. Metani inatengwa, inapelekwa nchi kavu na kuchomwa katika injini zinazozungusha jenereta. Mbele ya Inga ni kidogo, lakini umeme huo haungoji mvua, wala nyaya za kuvuka msitu mzima. Upande wetu, serikali ilinadi vitalu 3 vya gesi ya ziwa mwaka 2022. Umeme wake bado tunaungoja.

Wengine watasema hayo ni ya wahandisi, sisi wa lugha yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Watu wa Goma wana neno mazuku: hewa nzito ya dioksidi ya kaboni inayotuama mashimoni na kuua watu na mifugo. Ziwani gesi hiyo ni nyingi kuliko metani. Huko Kameruni, mwaka 1986, ilifumuka kutoka Ziwa Nyos usiku mmoja ikaua watu zaidi ya 1,700. Basi mvuvi akisikia kwamba watavuta "gesi" ziwani, ana haki ya kuuliza: gesi gani, ile inayowaka au ile inayoua? Na maji yaliyovutwa yatarudishwa kina gani, ili ziwa lisivurugike?

Watanzania, wanaotumia gesi ya Songo Songo kwa umeme tangu 2004, wanasema "gesi asilia" na "kufua umeme". Kwetu, kinachofuliwa ni nguo. Kuazima tu hakutoshi.

Wako watakaosema vita viishe kwanza. Viishe, ndiyo. Lakini siku wakaaji wa ziwa watakapoitwa kusomewa mkataba, tutakuwa tumechelewa kuanza kutafuta maneno. Nawaomba walimu wetu waweke msamiati wa gesi na umeme kati ya mada za kazi za mwisho wa masomo, na kila neno lijaribiwe kwanza kwa wavuvi na wauzaji wa sokoni kabla ya kuingia katika orodha yetu. Neno mazuku lilitoka kwao; mengine pia wanaweza kutupa.