Askari wa Burma Ni Wetu

Wako wenzetu wasemao kwamba maisha ya askari wa Keya katika misitu ya Burma hayana nafasi katika utamaduni wa taifa. Vita vile, wasema, vilikuwa vya wakoloni. Aliyevipigana alikuwa chombo cha bwana wake, na chombo hakina historia. Sisi hatukubaliani nao hata kidogo.

Kwanza na tutazame jinsi watu hao walivyoishi. Katikati ya mwaka 1944, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kichwa cha kifaru, iliingia bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa. Humo walikuwamo vijana wa Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasa, ambayo leo ni Malawi. Handaki lililochimbwa jioni lilikuwa kisima alfajiri. Barabara iligeuka tope, magari yakazama, na chakula kikawa hutupwa na ndege kwa miavuli. Mawingu yakifunga bonde, kambi ilipunguziwa posho. Ruba waliwanyonya miguuni. Jua likitua, kila mtu aliteremsha mikono ya shati kwa ajili ya mbu, na kila siku akameza kidonge cha manjano cha kuzuia malaria. Wagonjwa na majeruhi walichukuliwa kwa machela, mabegani mwa wenzao, katika utelezi. Hivyo ndivyo walivyofika Kalewa, kando ya mto Chindwin, tarehe 2 Desemba 1944.

Je, uvumilivu huo waliupewa na bwana? La hasha! Bwana aliwapa mshahara mdogo kuliko wa askari Mzungu. Uvumilivu walitoka nao nyumbani. Mhehe, Msukuma na Mkamba walikula pamoja, wakabebana, wakafahamiana kwa Kiswahili. Asiyejua kuandika alimwendea ajuaye, akamsomea moyo wake, barua ikaandikwa. Ikiwa utamaduni si huo, basi ni nini?

Kweli vita havikuwa vyao, na wengine waliandikishwa kwa nguvu. Lakini aliyetumwa kwa nguvu hakomi kuwa mtu. Tena waliorudi hawakurudi walivyokwenda. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walipita katika jeshi hilo. TANU ilipozaliwa mwaka 1954, ndugu hao walikuwa miongoni mwa waasisi wake.

Vitabu vya wakoloni vilimtaja jenerali kwa jina na askari wetu kwa hesabu. Anayemwita leo chombo anaikamilisha kazi ile ile, naye adhani anaupinga ukoloni. Tumekwisha kupoteza mengi kwa njia hiyo: ni wangapi wanunuao Kariakoo, Dar es Salaam, wajuao kwamba jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918?

Walimu, kazi hii ni yenu. Miaka zaidi ya 80 imepita, na askari wenyewe karibu wote wamekwisha kufa. Watoto wao nao ni wazee. Waulizeni wanafunzi ni nyumba ipi yenye nishani, barua, picha au wimbo wa kambini. Wayaandike majina, kijiji na kikosi, na daftari hizo zitunzwe shuleni. Ubishi wetu waweza kungoja. Mchwa walio ndani ya masanduku hawangoji.