Sukari ya Mimba na Staha ya Chumbani



Kati ya mwaka 2014 na 2016, watafiti wa Tanzania na Denmark waliwafuatilia wanawake wa Korogwe na Handeni, wengi wao tangu kabla ya kushika mimba. Ilidhihirika kuwa kisukari cha mimba si nadra vijijini, na wengi waligundulika kwa kipimo cha damu cha asubuhi kabla ya kula. Basi maradhi haya si ya matajiri wa mjini peke yao.

Mimba inapokua, homoni za kondo la nyuma huidhoofisha kazi ya insulini, na sukari hupanda katika damu. Aghalabu mama hahisi dalili yoyote, ndiyo maana hupimwa kati ya wiki ya 24 na 28.

Lakini iko athari isemwayo kwa kunong'ona tu. Sukari ikizidi, fangasi hustawi ukeni. Mama huwashwa, hutokwa na ute mzito mweupe, na tendo la ndoa humuumiza. Uchovu na hofu juu ya mtoto navyo hupunguza hamu. Mke akijitenga, mume hudhani amechukiwa. Akiona ute, huenda akadhani amesalitiwa. Nyumba huingiwa na fitina ambayo chanzo chake kingejulikana kwa tone la damu.

Enyi waume, dhana mbaya bila ushahidi ni dhambi. Muwasho una sababu nyingi, na hospitali ndiyo ipambanue, si hasira. Mfuateni mkeo kliniki, msikie maelezo pamoja. Nawe mama, kusema ulipo na maumivu si utovu wa haya. Usijitibu kwa dawa za kuingiza ukeni ulizopewa na jirani, kwani fangasi wa mimba wana dawa salama atakayoichagua mtaalamu.

Kisukari cha mimba peke yake hakiharamishi unyumba. Wanandoa hujizuia ikiwa daktari amekataza, ikiwa kuna damu, au chupa imepasuka. Penye maumivu, mume mwema husubiri. Mapenzi yana njia nyingi za upole.

Baada ya kujifungua, sukari kwa kawaida hushuka, na wengi hudhani mambo yamekwisha. La hasha! Aliyepata maradhi haya yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari cha kudumu baadaye, ambacho nacho huweza kuleta ukavu na kupoteza hisia. Mama apimwe tena kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Tazameni jinsi muda huo unavyokaribiana na arobaini ya uzazi! Siku zinapohesabiwa kwa ajili ya kurudi kitandani, na zihesabiwe pia kwa ajili ya kurudi kliniki. Kisha apimwe mara kwa mara katika miaka inayofuata.

Qur'ani imewafananisha mume na mke na vazi. Vazi husitiri aibu, na pia humkinga mtu na baridi. Allah atujaalie kuwa hivyo. Amin.