Watu Mashuhuri: Sir Edward Elgar na Mkewe

Juma hili, wasomaji wetu, tutazame maisha ya Sir Edward Elgar, mtungaji wa muziki wa Kiingereza ambaye sifa zake zimeenea mbali. Wengi humsifu yeye peke yake. Mimi naona hesabu hiyo haikutimia.

Elgar alizaliwa tarehe 2 Juni 1857 katika kijiji cha Broadheath, karibu na Worcester. Baba yake alikuwa na duka la muziki, tena alikuwa fundi wa kurekebisha sauti za piano katika nyumba za wakubwa. Kijana aliacha shule akiwa na umri wa miaka 15, akatiwa ukarani katika afisi ya wakili. Makarani wasomao ukurasa huu watafahamu jinsi moyo wa mtu uwezavyo kuwa mbali na meza anayoikalia. Alidumu mwaka mmoja hivi tu. Alitamani kwenda Leipzig kusomea muziki, lakini fedha hazikupatikana, basi akajifundisha kwa vitabu vya dukani mwa baba yake. Riziki aliipata kwa kufundisha fidla, na kwa kuongoza bendi ya hospitali ya wagonjwa wa akili huko Powick.

Mwaka 1886 alikuja kwake mwanafunzi mpya, Alice Roberts, binti wa jenerali aliyetumika Bara Hindi. Alimzidi mwalimu wake umri kwa miaka minane na zaidi, naye alikwisha kuandika kitabu cha hadithi kilichopigwa chapa. Jamaa zake hawakupendezwa hata kidogo. Katika Uingereza ya siku zile mwana wa mwenye duka hakuwa mtu wa kumposa binti wa jenerali, tena huyu alikuwa Mkatoliki. Alice hakuwasikiliza. Walioana London tarehe 8 Mei 1889.

Walijaribu bahati yao katika jiji hilo, lakini kazi haikupatikana, na mwaka 1891 wakarudi upande wa Worcester, mume akafundisha fidla kama zamani. Karatasi ya muziki huwa na mistari mitano mitano, na ile iliyokwisha pigwa mistari ilikuwa ghali kwao. Basi Alice alikaa mezani akiichora mistari hiyo kwa mkono wake, ukurasa baada ya ukurasa. Uandishi wake mwenyewe aliuweka kando, kwa kuwa aliona kumtunza mtu mwenye kipaji ni kazi itoshayo maisha. Kama alikosea au alipata, kila msomaji na aamue. Lakini kazi ile haikuwa ndogo.

Jioni moja ya Oktoba 1898 Elgar alirudi amechoka, akaketi kwenye piano akichezesha vidole tu. Alice akamwuliza, ni wimbo gani ule? Yeye mwenyewe hakuuona kuwa kitu. Kutokana na swali hilo zilitoka “Enigma Variations”, picha za muziki kumi na nne za rafiki zake, na ya kwanza ni ya Alice. Zilipopigwa London mwezi wa Juni 1899, Elgar alikuwa na miaka 42, na ndipo nchi ilipomjua. Mwaka 1904 alipewa heshima ya Sir.

Tarehe 27 Oktoba 1919 ulipigwa kwa mara ya kwanza muziki wake wa selo, yaani fidla kubwa ishikwayo baina ya magoti. Wapigaji hawakupewa muda wa kutosha wa kufanya mazoezi, ukaharibika mbele ya watu. Alice alikuwapo. Tarehe 7 Aprili 1920 alifariki, asiwahi kujua kwamba muziki huo ungekuja kupendwa ulimwenguni kote.

Mumewe aliishi miaka karibu 14 zaidi. Alipewa vyeo, akaongoza wapigaji kwa ajili ya santuri, akafuga mbwa. Lakini kazi kubwa kama zile za kwanza hakuikamilisha tena. Simfonia yake ya tatu ilibaki vipande vipande, ikamaliziwa na mtungaji mwingine, Anthony Payne, na kupigwa London mwaka 1998. Elgar alifariki tarehe 23 Februari 1934, akazikwa kando ya Alice katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Wulstan, Little Malvern.